Hinko Hajashuka Mlimani

Geelong, 13 Januari 1974

Mdogo wangu Hinko,

Barua hii ikukute mzima, na kuku wako wazima, na ile pampu ya kisima uliyoilalamikia kurasa mbili Krismasi iliyopita nayo iwe nzima. Huku tunaungua. Jana kipimajoto cha barazani kilifika arobaini na moja, na mishumaa niliyopeleka kaburini kwa Bruno iliyeyuka yote kabla sijaiwasha. Ni mwaka mmoja na miezi miwili sasa tangu mume wangu anitoke, na bado kila asubuhi natoa vikombe viwili. Sonja, yule binti wa Bruno niliyemlea, amehamia Perth na mumewe. Anapiga simu kila Jumapili kuniuliza kama nakula. Namwambia nakula.

Sasa sikiliza. Sonja amekukatia tiketi ya ndege. Usianze kusema kuku. Kuku mpe Pavla wa kule kwenye nyumba ya wapanda mlima, au wachinje. Nataka uje ukae kwangu miezi mitatu, minne, upendavyo. Tangu niondoke huko ni miaka kumi na saba sijakuona, na mtu pekee aliyebaki duniani anayeikumbuka sauti ya mama yetu ni wewe. Kinachotakiwa ni pasipoti tu. Siku hizi kila mtu huko anapewa. Hata kaka yake Bruno, mlevi yule, amepewa, na ameshakwenda Munich mara mbili akarudi.

Barua yako ya mwisho ulisema karani amekunyima kwa sababu "uko mlimani". Niliisoma mara tatu. Nikawasomea akina mama wa kwaya yetu ya Waslovenia, wakavunjika mbavu hadi mpiga kinanda akatoka nje. Nami nikacheka. Lakini nilipofika nyumbani kicheko kilikwisha. Niandikie vizuri, mwanzo hadi mwisho, huo mlima umekufanya nini.

Mguu wangu hauna neno, usiulize.

Dada yako anayekungoja,
Tilka


Podrebro, 17 Februari 1974

Dada Tilka,

Barua yako ilifika siku tuliyokuwa tunachinja nguruwe kwa jirani, kwa hiyo ina mafuta kwenye kona zote nne, nisamehe. Kuku wako saba. Pampu imeganda. Theluji imefika kwenye dirisha la zizi, na paroko ametangaza kwamba misa itaanza pale atakapoweza kufungua mlango.

Ulitaka mwanzo hadi mwisho. Nilikwenda ofisini kwa Vencelj Oman, unamkumbuka, yule aliyekuwa anakuletea matufaha shuleni. Sasa ndiye karani wa pasipoti, na akitoka kazini ndiye katibu wa chama chetu cha wapanda mlima. Nikampa fomu na picha. Akafungua kabati, akatoa faili.

"Hinko, haiwezekani," akasema. "Februari ya mwaka hamsini na saba ulipanda Rebrnik na wenzako. Ukaandika jina lako kwenye daftari kule kwa Pavla, ukaandika saa ya kupanda. Saa ya kushuka hukuandika. Kwa hiyo bado uko juu."

"Vencelj, si tulipanda pamoja? Tukashuka pamoja. Jana tu nimekufunga karata."

"Mimi nakuona. Faili halikuoni. Siwezi kumpa pasipoti mtu asiyejulikana alipo."

"Si niko hapa?"

"Hapa ni kazini kwangu. Usiniletee mambo ya chama kazini."

Basi ndiyo hivyo. Na kanuni ya chama inasema asiyeandika saa ya kushuka lazima atafutwe mpaka apatikane. Ndiyo maana kila Jumamosi ya kwanza ya Februari tunapanda kunitafuta. Sikuwahi kukueleza vizuri kwa sababu ni jambo la aibu kidogo, na pia kwa sababu ndiyo siku nzuri kuliko zote za mwaka.

Safari hii tulikuwa kumi na wanane. Pavla alitupa chai ya ramu, tukafunga viatu vya theluji, mimi vile vya fito na kamba alivyosuka baba, vijana vile vya alumini vinavyopiga kelele kama masufuria. Tukaenda kwa mstari mmoja, kawaida yetu: wa mbele anakanyaga theluji hatua mia mbili, akimaliza zamu anakaa pembeni, wote wanampita, naye anaungia mkiani. Tulipotoka msituni ukungu ukatufunika. Vencelj akapuliza filimbi, tukaanza kuita. Mwenye sauti kubwa kuliko wote chamani ni mimi, kwa hiyo mimi ndiye ninayeongoza. Naita, "Hinkoooo!" Wote wanaitikia, "Hinkoooo!" Halafu tunanyamaza dakika nzima kusikiliza. Mwaka juzi niliitika, utani tu, na Vencelj alininunia wiki mbili. Alisema navuruga zoezi.

Tulifika kileleni saa saba. Hatukunipata. Tukala soseji, mzee Ferdo akapiga kodiani na glavu zake, na watu wa kijiji cha juu na cha chini, ambao hawasalimiani tangu ule ugomvi wa bomba la maji, walikatiana mkate kwa kisu kimoja. Tukashuka tumechangamka. Wengine walinipa pole.

Habari ya pasipoti nitaona. Usimharakishe Sonja.

Mdogo wako,
Hinko


Geelong, 24 Machi 1974

Hinko wewe,

Sisi wazima. Sonja ana mimba, mtoto ni wa Septemba, kwa hiyo mwaka huu naitwa bibi na wewe unaitwa babu, jitayarishe. Mtini wa uani umezaa mpaka ndege wamekinai.

Ila barua yako imenitia wazimu. Wiki nzima nazunguka ndani nikigombana na jokofu. Nyumba ya wapanda mlima ni mwendo wa saa mbili kutoka mlangoni kwako. Daftari liko kwenye rafu ya Pavla. Penseli unayo. Panda, andika saa, shuka. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza. Au umenogewa na kutafutwa?

Wewe ni msahaulifu tangu utoto. Siku ya kipaimara ulisahau mbuzi ndani ya kanisa. Kwa hiyo nikasema moyoni, haya, siku ile pia alisahau. Alisahau kuandika saa kama alivyosahau na mengine.

Na kwa kuwa tumefika hapo acha niseme, maana miaka kumi na saba nimelimeza. Ilikuwa zamu yangu kukanyaga theluji. Nikahesabu hatua zangu mia mbili, nikakaa pembeni chini ya ukingo, nguzo ya mpaka iko mgongoni kwangu, nanyi mkanipita mmoja mmoja. Wewe ulikuwa wa mwisho. Wa mwisho, Hinko, ndiye anayegeuka kuangalia kama aliyekaa pembeni ameungia. Ulijua kwamba siungi. Ulikuwa wewe peke yako niliyekwambia kwamba navuka. Ukapita unakohoa. Hukunishika mkono, hukusema kwaheri, hukugeuka. Nilitazama mgongo wako mpaka ukungu ukaumeza, kisha nikashuka upande wa Austria peke yangu. Nimeolewa, nimelea, nimezika, na ule mgongo bado nauona.

Nisamehe. Ni joto. Nenda kaandike saa.

Tilka


Podrebro, 9 Juni 1974

Dada,

Usinikasirikie kwa ukimya. Mwezi wa nne ng'ombe alizaa, mwezi wa tano nilikuwa na nyasi za kukata, na hizo zote ni sababu za uongo, zipokee hivyo hivyo. Hongera ya mjukuu. Nimemwambia kila mtu, hata Vencelj, naye akaniuliza kama mtoto ataandikishwa chamani.

Nilikwenda. Pavla alinipa daftari la mwaka ule, limevimba kwa unyevu. Nikakaa mezani na penseli tangu saa nne hadi saa nane. Pavla akaleta supu. Akaleta supu nyingine. Sikuandika. Usiniulize kwa nini.

Vencelj alipopata habari akaitisha mkutano. Ajenda ilikuwa neno moja: Hinko. Mimi ni mjumbe wa kamati, kwa hiyo nilihudhuria, ila wakati wa kura niliombwa nitoke nje kwa kuwa nina maslahi. Ludvik fundi bomba alipendekeza nitangazwe marehemu, faili lifungwe, watu wapumzike. Nikauliza kupitia dirishani kama marehemu anapewa pasipoti. Vencelj akasema hapana, lakini anapewa kibao cha shaba kwenye mwamba. Pendekezo likapita kwa kura tisa. Wakachagua na maneno: "Hinko Žvan, alipenda milima." Nikasema milima naipenda kiasi, ninachopenda mimi ni kuvua samaki. Ludvik akafunga dirisha. Alisema mtu kuchagua maneno ya kibao chake mwenyewe ni kukosa adabu.

Nilipoingia, mzee Ferdo alikuwa analia. Alisema hatapata tena rafiki kama yule. Nikamshika bega, nikampa leso.

Kibao hakijatengenezwa lakini, kwa sababu mke wa Ludvik aliuliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria. Huyu akishakuwa marehemu, Februari tutapanda kumtafuta nani? Wakaahirisha mpaka baada ya mavuno.

Kuhusu mgongo wangu sina la kusema, Dada. Kikohozi ninacho tangu utoto, unajua.

Hinko


Geelong, 28 Julai 1974

Hinko,

Wote wazima. Mvua tu. Sonja anavimba miguu.

Nimepata barua ya Pavla, nadhani ni ya kwanza katika maisha yake, maana imepangwa kama orodha ya supu. Anasema siku ile uliyokaa na daftari saa nne nzima, ulipoondoka alilifungua aone ulikuwa unatazama nini. Anasema mstari wako hauna saa ya kushuka. Anasema mstari wangu unayo. Saa kumi na dakika kumi jioni.

Saa kumi na dakika kumi jioni siku ile, Hinko, mimi nilikuwa ndani ya zizi la Mwaustria mmoja, nimemkumbatia ndama, meno yanagongana kwa baridi.

Nani aliniandika kwamba nimeshuka? Nadhani najua, lakini nataka nisikie kwako. Nataka jibu hilo moja. Usinitajie kuku.

Tilka


Podrebro, 15 Septemba 1974

Dada Tilka,

Habari za hapa ni fupi: hatujambo, na plamu mwaka huu ni nyingi mpaka matawi yamevunjika. Sasa hilo uliloliuliza. Hii ni karatasi ya tano, nne zimekwenda jikoni kuwashia moto.

Tulipanda kumi na wawili, tukashuka kumi na mmoja. Kumbe sajenti wa mpaka alikuwa anatungoja kwa Pavla, kofia mezani, daftari mbele yake. Kuvuka siku zile unajua kulikuwa nini. Wangekufuata kwa mbwa, na usingekuwa umefika hata barabarani. Mimi nikawahi kalamu. Nikaandika saa ya kushuka kwenye mstari wako. Wenzangu wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akaona nilichoandika, akajaza mstari wake, hakuna aliyefungua mdomo. Wangu nikauacha wazi. Watu kumi na mmoja wameshuka, mistari kumi na mmoja imejazwa. Nikajiona nina akili sana.

Sajenti akahesabu kwa kidole. "Žvan Hinko hajashuka."

"Žvan Hinko ni mimi, bwana sajenti."

"Daftari linasema hujashuka."

"Basi huenda sijashuka."

Akanikodolea macho. Alikuwa kijana wa kutoka kusini huko, buti zimelowa, na nadhani alikuwa amechoka kuliko mimi. "Na huyu Žvan Tilka yuko wapi?" Vencelj akadakia: "Ametangulia, amekwenda kukamua ng'ombe." Sajenti akaandika maelezo hayo, Vencelj akatia saini. Mpaka leo, Dada, kwenye faili wewe unakamua.

Tukapelekwa kunitafuta. Siku tatu, askari kumi na mbwa wawili, upande wa magharibi, kwa sababu niliwaambia nikipotea huwa napotelea huko. Mbwa mmoja alinipata kila baada ya dakika kumi, wakawa wanamkaripia. Siku hizo tatu wewe ulikuwa njiani kwenda Graz.

Sasa umeelewa habari ya penseli. Nikijaza mstari wangu, walioshuka wanakuwa kumi na wawili, wakati sajenti aliandika kumi na mmoja, na Vencelj aliyetia saini anakuwa amedanganya serikali. Najua leo hakuna anayejali, watu wanatoka na kurudi na magari. Vencelj anajali. Na kukufuta wewe ili nijiandike mimi, nilijaribu pale kwa Pavla, nikashindwa. Niliogopa, nadhani. Niliona kama nitakuwa nimekuacha juu.

Na mgongo. Nilikuwa wa mwisho kwa makusudi, nilibadilishana nafasi na Ferdo. Ningegeuka wangegeuka wote, na siku ile sikujua nani ni nani kati yetu. Ningekushika mkono nisingekuachia. Sikuwa na kikohozi, Dada. Nilikuwa nalia, nikajifanya nakohoa.

Mwaka uliofuata Vencelj akasema kanuni ni kanuni, tupande. Nikadhani ni ukarani wake tu. Tulipofika chini ya ukingo wote wakasimama bila kuambiwa, wakatazama pale ulipokaa pembeni, ndipo wakaanza kuita. Waliita jina langu kwa sababu lako halikuruhusiwa kutajwa. Kila mwaka ni hivyo. Vijana wa alumini hawajui, wanafikiri ni mchezo.

Hinko


Geelong, 17 Novemba 1974

Mdogo wangu,

Mjukuu amezaliwa, msichana, kilo tatu na nusu, na sauti yake ni yako. Wamempa jina la mama yetu.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni. Halafu nikakaa sakafuni. Halafu sikuweza kuinuka, na sasa inabidi nami nikwambie langu. Mguu una neno. Nilianguka kwenye ngazi za kiwandani mwaka jana, nyonga ikavunjika, wakaiunga kwa chuma, chuma hakikukubali. Natembea kwa fimbo mbili. Ndiyo maana nilitaka wewe uje. Mimi kuja niliona haiwezekani, na kukwambia niliona haya. Ungekuja kwa huruma, na mimi nilitaka uje kwa hamu.

Miaka yote hii nilikuwa nakulaumu kwa mgongo, Hinko. Sijui niseme nini. Nimelia mpaka jirani amebisha hodi.

Sasa nimetulia, nimepiga hesabu, na hesabu ni nyepesi. Aliyekosekana kushuka ni mimi. Basi nitashuka. Tiketi yako Sonja ameigeuza jina, sasa ni yangu. Jumamosi tarehe mosi Februari, saa sita mchana, nitakuwa juu ya Rebrnik, kwenye nguzo ya mpaka. Usiniulize nitapandaje na fimbo mbili. Yule Mwaustria mwenye zizi yu hai bado, tunatumiana kadi kila Krismasi, na wanawe wawili wanasema kama waliweza kupandisha jiko la chuma mpaka malishoni, nami watanipandisha. Ninyi leteni kile kigari cha baba, cha kushushia nyasi kavu kwenye theluji, kama hujakifanya kuni.

Mwambie Vencelj maelezo yake yatakuwa kweli. Nitashuka, na ng'ombe nitamkamua mbele yake, asimame na faili mkononi.

Usinijibu. Ukijibu utasema kuku.

Tilka


Podrebro, 16 Machi 1975

Dada Tilka,

Namshukuru Mungu umefika salama, na pole kwa walivyokupekua uwanja wa ndege kwa ajili ya hicho chuma cha nyonga. Kuku wamebaki watano. Wawili umewala wewe. Ng'ombe hataki tena mikono yangu, anageuza kichwa mlangoni kukutafuta. Pasipoti iko hapa mezani, Vencelj ameileta mwenyewe kwa miguu, na nafika kwako tarehe ishirini Aprili. Kuhusu chama usiwe na wasiwasi. Siku ile, kwa pilikapilika zote zile, Ludvik hakuandika saa yake ya kushuka. Anaapa kwamba alisahau. Mkewe anasuka kamba za viatu vya theluji. Februari tutapanda kumtafuta.

Unasema Sonja hakuamini, eti ulikuwa na homa. Basi msomee hii. Mimi sikulia, kwa hiyo niliona kila kitu vizuri.

Sonja mwanangu, tulipanda watu thelathini na mmoja. Januari Vencelj aliuliza mkutanoni mwaka huu tuite nani, na kwa mara ya kwanza hawakunitoa nje wakati wa kura. Wote walinyoosha mikono: tuite Tilka. Theluji ilikuwa ya kiunoni. Vencelj alibeba daftari la mwaka hamsini na saba ndani ya foronya, chini ya koti, akawa hawezi kuinama, kila akianguka anainuliwa na watu wawili. Ludvik alibeba kigari cha nyasi mgongoni. Tulikwenda kwa zamu zetu, hatua mia mbili, pembeni, mkiani, na kila aliyekuwa wa mwisho aligeuka kuangalia. Niliwaona. Hakuna aliyesahau hata mara moja.

Tukafika chini ya ukingo. Ukungu mzito, huoni glavu yako. Vencelj akapuliza filimbi. Nikavuta pumzi niite jina la mama yako, jina ambalo sijalipigia kelele mlimani miaka kumi na minane, na mdomo ukafuata mazoea. Nikaita, "Hinkoooo!" Na wote thelathini wakaitikia, "Hinkoooo!" Vencelj akashika kichwa.

Tukanyamaza, kama kanuni inavyotaka. Halafu juu yetu, ndani ya ukungu, tukasikia sauti ya mama yako: "Hata mimi namtafuta! Yuko huko kwenu?"

Ferdo alikaa kwenye theluji na kodiani yake ikatoa mlio. Mimi nilitoka kwenye mstari nje ya zamu, jambo lisiloruhusiwa, nikampita Vencelj, nikaanguka, kiatu kimoja kikabaki huko. Mama yako alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, kiti kabisa, kimepigiliwa juu ya mbao mbili, blanketi la farasi mabegani, fimbo zake magotini, na wale wana wawili wa Mwaustria wamelala kifudifudi wanahema. Akanitazama toka juu mpaka chini.

"Umezeeka," akasema.

"Ni kwa kukaa mlimani," nikamjibu.

Yaliyofuata hapo sitayaandika, mama yako anayajua. Tulimshusha kwa kile kigari, watu sita nyuma wakishikilia kamba, naye akipiga kelele njia nzima kwamba tunamwendesha kama mbolea.

Kwa Pavla, Vencelj alikausha meza kwa mkono wa koti lake, akafungua daftari. Mama yako akavaa miwani, akatafuta mstari wake, akasoma ile saa niliyomwandikia mimi. Akatazama saa ya ukutani. "Hapa naambiwa nimeshuka saa kumi na dakika kumi," akasema, "na sasa ni saa kumi kasoro robo. Nimewahi."

"Basi ni sahihi," akasema Vencelj, na sauti yake haikuwa ya karani.

Akanipa kalamu. Nikaandika saa ya kushuka kwenye mstari wangu. Nikataka kumrudishia, akakataa, akaweka kidole kwenye nafasi ya mwisho kabisa, ile ambayo hujazwa na waliochelewa tu. Sababu ya kuchelewa. "Bila hiyo sifungi faili," akasema. Miaka kumi na minane kasoro siku moja. Wote wakaja kuinamia meza, wa kijiji cha juu na wa kijiji cha chini, vijana wa alumini wamepanda juu ya benchi, na hakuna aliyecheka.

Nikaandika: "Nilikuwa namsubiri dada."

Hinko